KUMSEMEA MTOTO WA JIRANI

Hotuba ya wazazi wa kujitolea, iliyosomwa mbele ya wanachama na viongozi katika sherehe za kutimiza miaka 10 ya Chama Kikuu

Wenzetu waliotutangulia wamekwisha kueleza habari za bei, za maghala na za hesabu zilizokaguliwa. Sisi si viongozi, wala si walimu, isipokuwa wawili kati yetu waliostaafu. Ni wazazi tu, ambao kwa miaka kadhaa tumekuwa tukizunguka katika shule za Serikali za vijiji vyetu, kwa hiari na bila ya malipo, tukiwasemea watoto waliojaliwa akili za pekee. Twaomba radhi mapema ikiwa maneno yetu yatawachoma baadhi ya wasikilizaji, maana yalituchoma sisi kwanza.

Habari yenyewe ilianzia kwenye mzani. Msimu mmoja wa karafuu, katika kituo cha kununulia cha chama kimoja cha msingi, karani alikuwa akipima, akiandika, na kuzidisha kilo kwa bei. Mtoto wa kiume wa darasa la nne, aliyetumwa na mamaye kubeba furushi, alisimama kando akitazama. Kila karani alipotaja uzito, mtoto alinong'ona jumla ya fedha kabla ya karani kumaliza kubonyeza kikokotoo chake. Walipita wakulima sita namna hiyo. Alipofika wa saba, bibi mmoja mzee, mtoto akainua sauti: "Shikamoo mjomba karani. Samahani, bibi umemwandikia pungufu." Karani alikasirika na watu wakacheka, lakini hesabu iliporudiwa ilionekana mtoto amesema kweli. Bibi akalipwa haki yake, mtoto akafukuzwa kwenye mzani, na kazi ikaendelea.

Baadhi yetu tulikuwapo. Tulicheka pamoja na wengine. Usiku ndipo mmoja wetu alipouliza: huyu mtoto ni nani, na shuleni wanamwonaje? Tulikwenda kuuliza. Tuliambiwa ni mtukutu. Humaliza hesabu zake upesi, kisha huwasumbua wenziwe. Tena siku nyingi haonekani darasani. Mwalimu hakusema hayo kwa ubaya. Alikuwa peke yake mbele ya darasa lililojaa hadi dirishani, watoto wanne kwa dawati moja, na mwalimu wa namna hiyo huwashughulikia wale walio nyuma, kwa kuwa ndio wanaomlilia. Yule aliye mbele hamlilii mtu. Hukaa akichoka, na akichoka mno huenda zake kuwinda ndege.

Hiyo ndiyo habari ya kwanza, nayo yachekesha kidogo. Iko ya pili, ambayo haichekeshi.

Katika kijiji kimoja cha milima hii alikuwako msichana aliyeongoza darasa lake kila mwaka. Mtihani wa darasa la saba ulipotoka, alikuwa ameshinda kupita watoto wote wa kata, akachaguliwa kwenda shule moja ya bweni ya wenye vipaji maalum. Kijiji kizima kilifurahi. Alipigiwa vigelegele msikitini na kanisani, na sisi tuliokuwa tumeanza kujiita wazazi wa kujitolea tulikwenda kwao kumpa mkono. Mwezi wa nne tulimkuta njia panda akiuza ndizi. Ada ilikuwa imekwisha kufutwa na Serikali tangu Januari 2016, kama mjuavyo, lakini fomu ya kujiunga ilitaja godoro, shuka, sanduku, ndoo, sare mbili, viatu vyeusi, na nauli ya safari ya siku nzima. Mamaye hakuwa na vitu hivyo, akaona haya kuomba. Alidhani nafasi ingemngoja bintiye hadi mavuno. Haikumngoja, ilipita kwa mtoto mwingine, kama kanuni isemavyo.

Sote tulimpongeza. Hakuna hata mmoja aliyeuliza godoro litatoka wapi.

Msichana huyo leo ni mshonaji mjini, na watu husifu kazi yake. Hatusemi kwamba maisha yake yameharibika, maana ushonaji ni kazi ya heshima. Lakini tunapokutana naye twainamisha macho, na kwa ajili yake tulikoma kuwa watu wa kutoa pongezi tukawa watu wa kufuatilia.

Yafaa sasa tueleze hali ilivyo, kwa faida ya wale ambao hawajapata kuyachunguza mambo haya. Zimo nchini mwetu shule saba za sekondari za Serikali zinazojulikana kuwa ni za vipaji maalum: Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Tabora ya wavulana, Tabora ya wasichana, Msalato na Kilakala. Huchukua watoto walioshinda kwa alama za juu kabisa katika mtihani wa kumaliza elimu ya msingi. Angalieni kwamba mbili kati ya hizo saba zimo katika mkoa wetu huu wa Morogoro. Mzumbe iko upande wa magharibi wa milima, na Kilakala iko chini ya Uluguru kabisa, hata mtu aliye shambani mwake juu ya mji aweza kuyaona mabati yake yaking'aa jua likichomoza. Kilakala ilianzishwa na masista wa Maryknoll kwa jina la Marian College, kabla haijatwaliwa na Serikali. Hapo ndipo aliposoma Bibi Gertrude Mongella, aliyetoka kisiwa cha Ukerewe akiwa na umri wa miaka 12 tu, na ambaye mwaka 1995 aliongoza maandalizi ya mkutano mkuu wa wanawake wa dunia uliofanyika Beijing, kisha mwaka 2004 akawa Rais wa kwanza wa Bunge la Afrika. Mtoto wa Ukerewe alivuka ziwa na nusu ya nchi kuja kusoma chini ya mlima wetu. Twajiuliza ni watoto wangapi wa mlima wenyewe wanaoyatazama mabati yale kila asubuhi wakiwa na mzigo wa kuni kichwani, na akili ya kutosha kuwamo.

Lakini tusidanganyane: nafasi za shule saba ni chache, na nchi ni kubwa. Wengi wa watoto wenye akili za pekee hawatakwenda huko hata wakisemewa na malaika. Watakwenda shule za kata, zile ambazo tangu mwaka 2004 tulizijenga kwa mawe na mchanga wa migongo yetu wenyewe, wengi wenu mkiwamo. Kwa hiyo tukizungumza habari ya elimu ya wenye vipaji, hatuzungumzii Kilakala na Mzumbe peke yake. Twazungumzia darasa lile lile lililojaa hadi dirishani, na yule mtukutu aliyekaa nyuma.

Tena yatupasa kukumbuka kwamba mtihani mmoja haumwoni kila mwenye akili. Mwaka 1921, huko California katika nchi ya Marekani, bwana mmoja mtaalamu aitwaye Lewis Terman alianza kuwatafuta watoto wenye akili nyingi kwa kipimo cha maswali. Aliwaandika zaidi ya 1,400, akawafuata maishani mwao mwaka hata mwaka. Miongoni mwa waliopimwa wakaachwa, kwa kuwa alama zao hazikutosha, walikuwamo wavulana wawili, William Shockley na Luis Alvarez. Shockley alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1956, na Alvarez mwaka 1968. Katika wale wote waliochaguliwa, hakuna hata mmoja aliyeipata tuzo hiyo. Hatusemi hivi ili kudharau mitihani. Bila ya mtihani, mtoto wa mkulima angeshindana na mtoto wa mkubwa kwa kujuana tu, nasi twajua nani angeshinda. Twasema tu kwamba mtihani ni chujio, na kila chujio lina matundu yake.

Basi iwapo mtihani hautoshi, nani atamwona mtoto? Wengi hujibu upesi kwamba ni mzazi wake. Sisi nasi tulianza kwa kuamini hivyo, na tulikosea. Katika mikutano yetu ya kwanza tuliwaambia wazazi watuletee majina ya watoto wao wenye akili. Yalikuja majina mengi sana, mengi yao kutoka kwa mwenye duka, kwa mwenye pikipiki tatu, kwa mtumishi wa ofisi. Jina la yule mtoto wa mzanini halikuwamo. Mamaye hakujua kwamba kunong'ona hesabu ni jambo la kuletwa mkutanoni. Yeye alimjua mwanawe kwa utoro na kwa kuvunja vikombe.

Baadaye tulisoma kwamba hata nchi tajiri zimekutwa na jambo hilo hilo. Katika wilaya moja kubwa ya shule huko Florida, Marekani, watoto walikuwa wakipelekwa kupimwa vipaji baada ya kutajwa na wazazi au walimu. Mwaka 2005 wilaya ile ikaanza kuwapima watoto wote wa darasa la pili bila ya kungoja mtu awataje. Wataalamu wawili wa uchumi, David Card na Laura Giuliano, walipochunguza matokeo waliona kwamba watoto wa maskini, watoto weusi na wale wenye asili ya Amerika ya Kilatini, waliotambuliwa kuwa na vipaji, waliongezeka sana. Akili walikuwa nazo tangu mwanzo. Kilichokosekana ni mtu wa kuwasemea.

Nasi hapa hatuna fedha ya kumpima kila mtoto kwa vipimo vya wataalamu. Tunayo macho tu. Kwa hiyo tuliweka kanuni moja, ambayo imetuletea ugomvi mwingi na faida kubwa zaidi: katika daftari letu, mzazi haruhusiwi kutoa jina la mwanawe mwenyewe. Atoe la mtoto wa jirani. Tena asiseme tu kwamba mtoto ana akili. Aeleze alilomwona akilifanya. Mmoja alileta habari ya msichana aliyetengeneza mfereji wa kumwagilia njegere kwa kukata mianzi, akapandisha maji mahali ambapo wakubwa walisema hayapandi. Mwingine akaleta habari ya mtoto anayeweza kurudia hotuba nzima ya padre aliyoisikia mara moja, pamoja na kikohozi cha padre. Yuko mama aliyesema habari za kijana anayechora ramani za njia zote za kutoka Nyandira hadi sokoni Morogoro, na vituo vya lori, na bei ya kabichi ya kila kituo. Majina haya yasingeletwa na wazazi wao. Wazazi huona aibu kumsifu mtoto wao, au hawaoni cha kusifu.

Wala jambo hili si geni kwetu. Inasimuliwa kwamba Mwalimu Nyerere, akiwa bado mtoto wa kuchunga mbuzi kule Butiama, alikuwa hodari wa bao, na aliyemwona si baba yake bali ni mtemi wa jirani, Mohamed Makongoro wa Ikizu, aliyeshauri kijana huyu apelekwe shule. Mwaka 1934, akiwa na miaka kama 12, akaanza shule ya Mwisenge, Musoma, na mwaka 1937 akaingia Tabora, ambayo leo ni mojawapo ya zile saba tulizozitaja. Mtu alitazama mchezo wa bao akaona kitu kingine ndani yake. Sisi tulimtazama mtoto kwenye mzani tukacheka.

Jina likiisha kuandikwa, hatuendi kwanza shuleni. Twaenda nyumbani, na hapa twaomba wageni wetu wasio Waluguru watuvumilie tukieleza. Kwetu ukoo hufuatwa kwa mama. Shamba ni la ukoo wa mama, na katika mambo makubwa ya mtoto, mjomba ndiye mwenye neno. Tuliwahi kukaa na baba wa mtoto jioni nzima, tukakubaliana naye kila kitu, kumbe tulikuwa tumekaa na mtu asiyeweza kukubali peke yake. Kesho yake mjomba akaja na maneno mengine, tukarudi mwanzo. Sasa twamwita mjomba kwanza, pamoja na bibi mzaa mama. Na hapo ndipo tulipogundua nguvu ambayo tulikuwa hatuitumii. Mjomba akikubali kwamba mtoto huyu ni hazina ya ukoo, ukoo wote huchanga. Godoro moja hupatikana kwa jioni moja. Laiti tungalijua hivyo mapema.

Kwa wasichana kuna neno jingine ambalo wakubwa wetu wamelijadili kwa busara. Desturi ya kumtenga mwali wakati mwingine iliwahi kuula muhula mzima, hata zaidi. Hatukwenda kuitukana desturi. Tulikwenda kwa bibi wenyewe kuomba mafundisho yawekwe katika likizo, na bibi wengi walikubali kwa moyo mweupe. Mmoja alituambia kwamba yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza darasani kabla hajawekwa ndani, na kwamba katika miaka yote hiyo hakuna aliyemwuliza. Kwa wale waliopata mimba wakiwa shuleni, Serikali ilitoa ruhusa mwaka 2021 ya kurudi masomoni, lakini ruhusa haimfikishi mtu darasani kama hakuna wa kumshikia mtoto wake. Hilo nalo ni la jirani.

Sasa tujibu lawama mbili tunazozisikia sana, maana si vyema kuzipita kimya.

Ya kwanza ni ya mzee mmoja, mwanachama wa tangu zamani, aliyetusimamia mkutanoni akasema: "Ushirika ni usawa. Mwalimu alitufundisha hivyo. Kwa nini mtoto mmoja apewe zaidi ya wenziwe?" Swali hilo ni zito, na mzee hakukosea kumtaja Mwalimu. Katika Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, Mwalimu alionya kwamba shule ya msingi isigeuzwe kuwa ngazi ya wachache tu. Iwe elimu kamili kwa wale wengi watakaobaki vijijini. Nasi twakubaliana naye. Hatuombi mwalimu aondolewe kwa walio nyuma apewe walio mbele. Hatuombi darasa lenye viti vizuri kwa wachache. Lakini mtoto anayejua tayari somo la leo, akakalishwa mwaka mzima kulisikiliza, hakupewa sawa na wenziwe. Wao wamefundishwa na yeye hakufundishwa. Tulimjibu mzee hivyo. Hakuridhika sana, lakini wiki iliyofuata alileta jina la mtoto wa jirani yake.

Lawama ya pili yatuumiza zaidi: kwamba tukiwasomesha hawarudi. Wataishi Dar es Salaam au Dodoma, na kijiji kitabaki na wazee. Hapa hatuna jibu la kufurahisha. Ni kweli, wengi hawarudi. Maji ya Ruvu nayo hutoka katika milima hii, yakaenda kunywewa Dar es Salaam, na hatujapata kusikia mtu wa Kibungo akiyafunga mtoni kwa sababu hiyo. Hata hivyo mtoto si maji. Aweza kuandika barua, aweza kutuma fedha, aweza kuja Desemba akatuambia chama chetu kinadanganywa wapi. Na asipofanya lolote kati ya hayo, bado akili ilikuwa yake. Hatukumkopesha.

Yule mtoto wa mzanini? Twaulizwa mara nyingi. Alifaulu vizuri lakini hakuwa miongoni mwa wachache wa juu, akaenda shule ya kata. Kidato cha kwanza kilikuwa karibu kumwangusha, si kwa hesabu bali kwa Kiingereza. Miaka saba alikuwa amesoma kwa Kiswahili, na nyumbani bibi yake husema Kiluguru. Ghafula hesabu zake zote zikavikwa nguo ya kigeni, naye akawa haelewi swali ambalo jibu lake angelilijua usingizini. Mkuu wa shule alituita mwenyewe, na hilo twamshukuru. Walimu wetu wawili wastaafu wakaanza kukaa naye Jumamosi, kisha wakaja wengine sita, kisha wengine. Vijana wa Chuo Kikuu cha Sokoine nao walipopata habari walianza kupanda mlimani kila walipoweza, wakiwa na vitabu mgongoni. Sasa mtoto yuko kidato cha tatu. Bado ni mtukutu.

Darasa hilo la Jumamosi liko wazi. Hatumfukuzi mtoto asiyeandikwa daftarini akija kwa miguu yake, na kwa hakika wawili kati ya hodari wa sasa hawakutajwa na mtu; walikuja kwa udadisi wao. Jambo hilo linatunyenyekeza, maana hata macho ya jirani yana matundu.

Neno kwa viongozi wa elimu walio pamoja nasi. Tulipoanza, wako walimu waliodhani tumekuja kuwakagua, na wako wazazi wenzetu waliozungumza na walimu kwa ukali usiofaa. Tulijifunza. Wazee wa hapa hawajasahau mwaka 1955, ambapo amri ya kuchimba matuta ya ngazi ililetwa milimani bila ya kuwasikiliza wenye mashamba, na huko Matombo mambo yakaishia katika ghasia na damu. Kuokoa udongo lilikuwa jambo la haki. Namna ya kulileta ndiyo iliyoliharibu. Kwa hiyo sisi hatuingii darasani bila ya mwalimu mkuu kujua, hatumtaji mwalimu kwa ubaya mbele ya watoto, na mambo yetu huyapeleka kwenye kamati ya shule na kwa Afisa Elimu Kata. Twaomba kwa upande wenu jambo dogo: jina likiletwa na wazazi, lisiwekwe mezani likakauka. Mtoto apewe kazi ngumu zaidi, au kitabu cha darasa la mbele, au ajaribiwe kuwasaidia wenziwe. Hakuna kati ya hayo linalohitaji fungu jipya la fedha.

Na sasa kwa Chama chenyewe, maana hiki ndicho tulichokuja kukiomba. Wafumaji wa Rochdale, Uingereza, walioanzisha duka lao la ushirika mwaka 1844, baada ya miaka michache tu walikuwa wakitenga 2.5 kwa mia ya ziada yao kwa ajili ya elimu, wakafungua maktaba na chumba cha kusomea magazeti. Hapa nchini, wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, walioungana katika KNCU mwaka 1933, walitumia fedha ya kahawa kuwasomesha vijana wao, na matunda yake yalionekana katika ofisi nyingi za nchi hii. Hawakungoja wawe matajiri kwanza.

Sisi hatuombi mengi kama hayo. Twaomba mkutano mkuu ujao ujadili makato madogo kwa kila kilo ya karafuu na ufuta, yawekwe katika mfuko utakaotunzwa na Chama na kukaguliwa pamoja na hesabu nyingine, na utumike kwa mambo ambayo Serikali haiyalipii na ukoo umeshindwa: godoro, sanduku, nauli ya kwanza, miwani kwa mtoto asiyeona ubao. Kiasi tutawaachia wanachama wenyewe wakiseme. Twaomba pia anayepewa asichaguliwe na sisi tuliomtaja, ili pasiwe na manung'uniko. Kazi hiyo iwe ya kamati ya watu wengine, na majina yabandikwe ubaoni penye mzani ambapo kila mtu atayasoma.

Ombi letu la mwisho ni la ghala. Darasa la Jumamosi lilianza chini ya mwembe, na masika yakalifukuza. Katibu wa chama cha msingi alitukubalia kwa wema kukaa ndani ya ghala miezi ambayo halina mazao, watoto wakikalia magunia matupu. Lakini ufunguo ni mmoja, nao hukaa kwa karani, ambaye Jumamosi nyingi yuko shambani kwake ng'ambo ya mto, na mto ukijaa havuki. Mara tatu mwaka huu tumewarudisha watoto waliotembea saa mbili. Twaomba Uongozi uidhinishe ufunguo wa pili. Mwalimu mstaafu aliye tayari kuutunza yupo hapa ukumbini, safu ya tatu, na daftari liko pamoja naye kwa yeyote anayetaka kuacha jina la mtoto wa jirani yake kabla ya chakula.